Siwezi Kumshika

Kamukuywa, Bungoma
Jumamosi, 29 Novemba 2003

Mwanangu Hesbon,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapomwandikia daktari mwezi wa Desemba ni kuanza kwa kumwuliza atafika nyumbani lini. Daktari wa mafunzo hajui. Anayejua ni yule anayepanga zamu, na huyo hakuna anayemwandikia. Kijana akiulizwa hivyo hujibu kwa adabu, "nitajaribu", na huku nyumbani watu husikia "nitakuja", kisha kuku wanachinjwa na mwenyewe haonekani. Kwa hiyo mimi sikuulizi. Nakueleza siku yenyewe, nawe utazame utakavyoipata.

Siku ni Ijumaa tarehe 26, baada ya Krismasi. Wazazi wa Wangui wanakuja kuona boma letu. Mwezi wa Agosti sisi ndio tuliokwenda kwao Moi's Bridge, mimi na baba yako Khaemba na wazee wawili wa kanisa. Wewe hukuwepo, ulikuwa wodi ya watoto na hapakuwa na mtu wa kukushikia zamu. Mama yake, Nyaguthii, alituangalia sote akauliza, "Sasa kati ya hawa wazee, bwana harusi ni yupi?" Tukacheka, naye akacheka. Lakini swali kama hilo mtu huuliza mara moja akicheka. Mara ya pili hacheki. Baba yako anasema usipoonekana tarehe 26, posa hii itamfia mikononi, na siwezi kumwambia kwamba anakosea.

Kuna jambo lingine. Wewe umekulia shule za bweni tangu darasa la nne, na mambo mengi ya nyumbani yalikupita. Mimi ni senge yako, dada wa baba yako, na kwetu Wabukusu kazi ya kukufundisha mambo ya ukwe ni yangu. Basi sikiliza. Mama aliyemzaa mke wako si mama kama akina mama wengine. Humpi mkono. Huketi naye chumba kimoja mkala. Mkikutana njiani, anayepisha ni wewe, na macho yako yanaelekea kwingine. Watu wa nje hudhani ni woga, au chuki. Sivyo. Ni namna ya kumwambia: umenipa kitu kikubwa mno, siwezi kukusogelea kama rafiki wa sokoni. Marehemu mume wangu aliwahi kuingia ndani ya shamba la mahindi lenye umande, na suti yake ya kanisani, ili mama yangu apite. Akatoka huko amelowa mpaka magotini. Mama alimsifu kwa jambo hilo mpaka alipofariki.

Barua hii anaileta Phelista, jirani yetu anayepeleka nyanya soko la Kitale. Simu ya baba yako siiamini, hukata maneno pale pale yanapoanza kuwa na maana.

Senge yako,
Rispah


Kitale
Ijumaa, 5 Desemba 2003

Senge,

Mulembe sana. Phelista alinipata nikitoka kula, na barua nimeisoma nimesimama, kwa sababu siku hizi kila kitu nakifanya nimesimama.

Jumatatu nilianza mzunguko mpya, upasuaji. Kila miezi mitatu sisi madaktari wa mafunzo huhamishwa wodi. Tafadhali mwelezee baba kwamba kuhamishwa huku si adhabu, maana nilipomwambia kwa simu aliniuliza nimekosana na nani. Wodi niliyotoka nilikuwa nimeshaizoea, nawajua wagonjwa kwa majina. Huku nashika vyuma saa nzima ili tumbo libaki wazi, na daktari mkuu ananiuliza majina ya mishipa kama padri anavyouliza watoto wa komunyo ya kwanza. Na Desemba hii! Vidole vilivyoingia mashine ya kupukuchua mahindi, watoto walioanguka kutoka miti ya mapera, vijana waliopigana kwa sherehe na hakuna anayekumbuka walipigania nini.

Habari njema: tarehe 26 nimeipata. Upasuaji tuko wawili tu wa mafunzo, mimi na Jepkemboi, msichana anayetoka sehemu za Kwanza, karibu na hapa Kitale. Nilimwambia, "Nipe tarehe 26."

"Unanipa nini?"

"Nitakaa Krismasi."

"Krismasi na mkesha wa mwaka mpya."

"Ai, wewe ni mwizi, bana."

"Si ni wewe unaoa? Mimi naenda kula nyama kwetu."

Basi tumepatana. Siku ya Krismasi mtakula bila mimi. Mwambie mama asiniwekee paja la kuku, litaharibika.

Senge, kuhusu mama mkwe nimekuelewa, lakini nina swali la kijinga. Huku kupisha ni nyumbani na njiani tu, ama ni mahali popote? Wangui anasema mama yake huja Kitale mara kwa mara kwa biashara yake ya mahindi. Mimi namjua kwa picha, na yeye ananijua kwa picha. Nikikutana naye benki je?

Mwanao,
Hesbon


Kamukuywa
Jumatatu, 8 Desemba 2003

Mwanangu,

Swali lako si la kijinga. Miaka yote niliyofundisha, swali la kijinga lilikuwa lile ambalo mwanafunzi alilificha.

Jibu ni popote. Benki, sokoni, kanisani, kwenye foleni ya posta. Heshima haina ofisi ya kufungua na kufunga, wala haiendi likizo. Ukimwona, mpishe. Usijitie kufikiri kwamba mahali hapa ni pa kizungu na pale ni pa kwetu. Mtu anayechagua mahali pa kuheshimu hana heshima, ana nguo ya kubadilisha.

Nimemweleza baba yako juu ya mzunguko. Amefurahi kwamba hujakosana na mtu, ingawa naona bado anashuku.

Mama yako amepaka kuta za sebule rangi ya maziwa. Kanisa limekubali kutuazima hema.

Senge yako,
Rispah


Kitale
Jumapili, 14 Desemba 2003

Senge,

Sikudhani lile neno lako "popote" lingenifikia haraka hivi.

Ijumaa mchana nesi alinipa faili. Mama wa makamo, maumivu ya tumbo upande wa kulia chini, anatapika tangu jana yake. Nikavuta pazia. Alikuwa ni mama yake Wangui.

Nilitoka. Nikamwita Jepkemboi ampime yeye. Ilikuwa kidole tumbo. Daktari mkuu alimpasua jioni hiyo hiyo, na anaendelea vizuri kabisa, hilo usiwe na hofu nalo. Ilikuwa niwe msaidizi wake tangu mwanzo hadi mwisho, ndiyo ingekuwa operesheni yangu ya kwanza ya kidole tumbo. Nikampa Jepkemboi.

Shida ni raundi ya asubuhi. Daktari mkuu huenda kitanda kwa kitanda, na sisi wa mafunzo tunamweleza hali ya kila mgonjwa. Tulipofika kwake nilisimama nyuma ya Jepkemboi nikaeleza kila kitu, joto, mkojo, kidonda, macho yangu yakiwa dirishani. Daktari mkuu akaniita kwa jina la ukoo, "Wabwile, mgonjwa yuko kitandani. Hayuko dirishani." Wote wakacheka. Jepkemboi sasa ananiita Bwana Pazia.

"Mgonjwa ni mgonjwa," ananiambia. "Ati mama mkwe! Na hata hujaoa."

Nimemwambia hawezi kuelewa.

Wangui yuko Nairobi, anasahihisha mitihani ya kitaifa. Nilimpigia simu nikamwambia mama amepasuliwa salama. Mengine sikumwambia, ni mambo marefu kwa simu.

Nimefanya ulivyonifunza, Senge. Haikuwa rahisi.

Hesbon


Kamukuywa
Jumatano, 17 Desemba 2003

Mwanangu Hesbon,

Tunamshukuru Mungu kwa mikono ya huyo daktari mkuu.

Barua yako nimemsomea baba yako mara mbili. Mara ya pili alisimama. "Huyo ni mutoto wangu kabisa," akasema. "Hata na koti ya daktari amekumbuka!" Kisha akatoka kwenda kuwaambia majirani.

Nakuona ulivyotoa operesheni yako ya kwanza, na najua ulichotoa. Usimweleze Mama Wangui lolote. Mtu aliyeheshimiwa haambiwi kwamba ameheshimiwa. Anajua mwenyewe. Tarehe 26 utaona atakavyoingia kwenye boma hili.

Senge yako,
Rispah


Moi's Bridge
Jumatano, 17 Desemba 2003

Kwa Mwalimu Rispah,

Salamu. Naandika nikiwa kitandani, kwa hiyo mwandiko uuvumilie. Ijumaa nilipasuliwa huko Kitale na jana nimerudi nyumbani. Naandikia wewe kwa sababu Agosti tulikaa pamoja jikoni kwangu, nikaona wewe ni mtu wa kusema kitu kama kilivyo. Na mimi nitasema kama kilivyo.

Siku nilipopelekwa hospitali sikuweza hata kunyoosha mguu. Nililazwa nyuma ya pazia nikingoja daktari. Pazia likafunguliwa, nikaona ni Hesbon. Mwalimu, nilimshukuru Mungu. Nilisema moyoni, angalau nimeangukia kwa mikono ya mtoto wangu. Nikainua mkono nimsalimie.

Mkono ulibaki hapo juu. Aliniangalia kama mtu ameona nyoka, akarudi nyuma, pazia likaanguka. Halafu nikasikia sauti yake huko nje: "Jepkemboi, kuja wewe. Mimi huyu siwezi kumshika."

Siwezi kumshika. Mimi nimeuza mahindi hapa miaka mingi. Nimetukanwa na madereva wa lori na wapakizi wa magunia na sijawahi kulia mbele yao. Siku hiyo nililia, na yule msichana daktari akadhani ni tumbo, akaniambia, "Pole mama, tutakupa dawa."

Na haikuisha hapo. Kila asubuhi walikuja wote kitandani kwangu, na yeye anaangalia dirisha. Mama wa kitanda cha pili aliniuliza, "Huyo daktari ana nini na wewe?" Ningemjibu nini? Kwamba ndiye anataka kuoa binti yangu?

Nimefikiria kila kitu. Ni kwa sababu sisi ni Wakikuyu? Ni matapishi? Kama mtu mgonjwa anamchukiza hivyo, Wangui akizaa itakuwaje? Akiugua? Akizeeka? Mume wangu Ndung'u amesema tarehe 26 hatuji, na mimi nimekubaliana naye. Wangui tumemwambia.

Msichinje. Sitaki mnyama afe bure kwa ajili yetu.

Nyaguthii


Kamukuywa
Ijumaa, 19 Desemba 2003

Mama Wangui,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama mlangoni. Niliingia ndani nikaisoma tena tangu mwanzo.

Pole kwa maumivu ya tumbo, na pole kwa haya mengine. Sitaanza kwa kukuambia kwamba hukuelewa, kwa sababu ulielewa sawasawa kile ulichokiona. Mkono ulioinuliwa ukaachwa, ni mkono ulioachwa. Hakuna maelezo yangu yatakayouteremsha.

Ila nitakueleza alichokiona yeye. Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama wa mkewe hawashikani mikono, hawali pamoja, wala hawatazamani usoni. Wakikutana, mwanamume hupisha. Tunafanya hivyo kwa mtu mmoja tu duniani, na hatufanyi kwa kumdharau. Hata mfalme tungempa mkono. Mama mkwe hatumpi, yuko juu zaidi. Hesbon hakuyajua haya mpaka mwezi uliopita. Mimi ndiye niliyemwandikia. Akaniuliza kama ni mahali popote, nami nikamjibu: popote. Nilipoandika hivyo nilikuwa nawaza benki na soko. Sikuwaza kitanda.

Na lile neno lililokuliza, nimelifikiria tangu jana. "Siwezi" ni neno lenye vyumba viwili. Kuna siwezi ya mtu asiyetaka, na kuna siwezi ya mtu aliyekatazwa. Alisema ya pili, ukasikia ya kwanza. Wewe ulikuwa umelala na maumivu nyuma ya pazia, ungesikiaje nyingine? Kazi ya kufafanua ilikuwa yetu, na hatukuifanya. Mimi hata nilimwambia asikueleze.

Sikuandikii ili ubadilishe neno lako juu ya tarehe 26. Hema tumeliazima tu, linaweza kurudi. Nakuandikia ili usiendelee kulala ukidhani ni kabila lako au mwili wako uliomkimbiza yule kijana.

Nami nina swali, nililopaswa kukuuliza Agosti jikoni kwako badala ya kuzungumza mvua na mbolea. Kwenu Wakikuyu, mama mkwe na mkwewe wanaishi vipi?

Rispah


Kitale
Jumamosi, 20 Desemba 2003

Senge,

Wangui amekuja leo asubuhi. Ametoka Nairobi moja kwa moja mpaka hapa wodini, na begi lake bado begani. Hakunisalimia.

"Ulimwacha mama yangu na mkono juu?"

Nikamwambia ni heshima.

"Heshima gani hiyo inaangalia dirisha?"

"Ni mila yetu, Wangui. Ni kwa sababu ni mama yako."

"Angekuwa si mama yangu ungempima?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa hiyo kosa lake ni kunizaa mimi."

Akaondoka kwenda Moi's Bridge. Senge, mambo mawili sikuyaandika kwenye barua ile nyingine. Sikuandika kwamba aliinua mkono, na sikuandika nilichosema nje ya pazia. Niliona, na nilijua kwamba amesikia. Nikajiambia ataelewa. Niliyaacha nje ya barua kwa sababu yakiandikwa hayapendezi, na hilo peke yake lingenifundisha kitu.

Jepkemboi alikuwa karibu akisikia yote. Safari hii hakunitania. Ameniuliza swali moja tu: "Kama siku ile ungekuwa peke yako zamu, ungefanya nini?" Nilikula kiapo, Senge, mbele ya baba na mama na wewe mwenyewe ukiwa umevaa kofia yako ya bluu. Nina sheria mbili, ya koti hili na ya nyumbani. Niambie nishike ipi, kwa sababu nikimpoteza Wangui nataka angalau nijue nimempoteza kwa ajili ya nini.

Na Jepkemboi anauliza kama nitamrudishia tarehe 26. Nimemwambia angoje kidogo.

Hesbon


Moi's Bridge
Jumatatu, 22 Desemba 2003

Mwalimu Rispah,

Barua yako nilimpa Ndung'u aisome. Aliisoma, akatoka kuangalia ng'ombe, akarudi akasema, "Haki hawa watu wana mambo." Lakini hakusema kwa hasira.

Umeniuliza kwetu ni vipi. Nilitaka kukujibu kwamba kwetu hakuna, sisi mkwe tunamkumbatia na kumpa chai. Halafu maneno yakanikamata. Kwa Kikuyu mkwe anaitwa muthoni. Wakiwa wengi ni athoni. Na aibu, ile ya kuinamisha macho mbele ya mtu, inaitwa thoni. Mwalimu, nimesema maneno hayo mawili tangu nijue kuongea na sijawahi kuyaweka pamoja. Mkwe maana yake ni mtu wa kuonea aibu. Iko hapo ndani ya jina.

Hapo nikamkumbuka mama yangu. Ndung'u alipokuwa akija kwetu, mama alikuwa anatokea mlango wa nyuma. Chakula chake alikula jikoni peke yake mpaka Ndung'u aende. Mimi nilijua hampendi. Nilimkasirikia mama kwa jambo hilo miaka na miaka, na amekufa nikiwa bado na hiyo hasira kidogo. Jana ndiyo nimemwuliza Ndung'u, "Wewe uliona mama anakuchukia?" Akanishangaa. "Mama yako? Hakuna mtu alinipenda kama huyo. Alikuwa ananionea thoni." Yeye alijua siku zote! Nikamwambia sasa mbona hukuniambia. Akasema, "Hukuniuliza."

Basi mila yenu siwezi kuikasirikia, maana ni yetu pia, ni sisi tumeiacha njiani. Lakini Mwalimu, mama yangu hakuwa daktari. Yeye alikuwa akimkimbia Ndung'u aliye mzima, na Ndung'u alikuwa na sahani ya chakula mbele yake. Mimi nilikuwa naumwa. Mtu akichagua kuvaa hilo koti, kuna mambo lazima ayavue kabla ya kuingia. Kama hawezi, afanye kazi nyingine, mimi sitamlaumu, lakini binti yangu simpi.

Kesho Jumanne narudi Kitale kutolewa nyuzi. Wauguzi walisema nikae kwenye benchi nje ya wodi ya upasuaji, atanitoa yeyote aliye zamu. Sitamtafuta Hesbon. Yeye akinitafuta, Ijumaa tutakuja, hilo nimeshasikizana na Ndung'u. Akinipita tena kama ukuta, basi tutakuwa watu wa kusalimiana sokoni tu. Wangui anajua ninavyokuandikia. Amesema na yeye atangoja.

Nyaguthii


Kamukuywa
Jumanne, 23 Desemba 2003, asubuhi

Mwanangu Hesbon,

Barua ya Mama Wangui ilinifikia jana jioni, imeletwa na lori la mahindi liendalo Webuye. Nakutumia pamoja na hii. Phelista yuko langoni na nyanya zake ananihimiza, kwa hiyo leo mwalimu wako ataeleza kwa ufupi. Si kawaida yangu, unajua.

Isome barua yake yote, hasa pale anapomtaja mama yake. Huyo mama alitoka mlango wa nyuma miaka mingi kwa heshima, na binti yake aliyekuwa akimtazama kila siku alidhani ni chuki. Heshima ni kama salamu. Ukiisema kwa lugha ambayo mwenzako haijui, umepiga kelele tu. Mimi nilikuambia kwamba aliyeheshimiwa anajua mwenyewe. Sasa nakuambia kwamba hajui mpaka aambiwe.

Umeniuliza ushike sheria ipi kati ya mbili. Nimelijadili na baba yako jana. Alikataa kwanza. "Rispah, wewe umesoma sana. Sasa mutoto aguse tumbo ya mukwe?"

Nikamwuliza, "Khaemba, nyumba ya mkweo ikishika moto naye yumo ndani, utasimama nje ukitazama mlima?"

"Hiyo ni moto."

"Na kidole tumbo ni nini?"

Akasukuma kikombe chake cha chai kando. Mwishowe akasema kwamba mambo ya ukwe ni ya senge, na senge ndiye mwenye neno. Ni kweli. Basi neno langu ni hili. Sheria hizi mbili hazigombani, kila moja ina mahali pake, na kosa langu lilikuwa kuandika "popote". Ijumaa hapa nyumbani utampisha mlangoni na kula chumba kingine na wazee, na safari hii atajua unamwambia nini, kwa sababu hata kwao lina jina. Huko wodini hakuna mkwe. Kuna mgonjwa na kuna daktari. Jepkemboi alikuuliza ungefanya nini kama ungekuwa peke yako. Jione kwamba uko peke yako.

Usimpe Jepkemboi kazi hii, hata akijitolea. Usimtume nesi. Usijifiche nyuma ya faili ukasema una kazi nyingi.

Leo, ukimaliza kusoma hapa, nenda kwenye benchi nje ya wodi, mwite Mama Wangui kwa jina lake, na nyuzi zake uzitoe wewe.

Senge yako,
Rispah